Nywele Kwenye Wigo wa Bibi Hilda

Matangani kwa Mama Sifa, kule Tottenham, nililetewa sahani ya wali kwa maharage, na kabla sijatia kijiko mdomoni nikawa nayageuzageuza nikitafuta baka jekundu. Halikuwepo. Yalikuwa maharage ya dukani, yameungwa kwa mawese yakapendeza, hayana kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi, mtu mzima na kipara changu, niliyekwenda kumlilia marehemu nikawa nachungulia sahani. Ukumbi wa kanisa ulijaa. Kina mama wa Kikongo wameketi kwa vitenge vya sare, wanaume wamesimama mlangoni na makoti yao, watoto wanazungumza Kiingereza chini ya meza. Sifa mwenyewe, bintiye marehemu, ambaye nilimjua akiwa na miaka sita na pengo la meno mawili mbele, alipita na birika la chai akainama sikioni mwangu. Kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi yake tangu utotoni, akaniambia nisiondoke kabla hajaniuliza jambo moja. Nilidhani nalijua jambo lenyewe. Nikabaki kwenye kiti cha plastiki, koti mapajani, chai inapoa, na mwaka wa tisini na tisa ukanirudia wote, kuanzia uongo wangu hadi ule moto wa nywele.

Sitaeleza nilifikaje London wala kwetu walikuwa kina nani. Hayo kila mhamiaji anayo yake, na ukisikia ya mmoja umesikia ya wengi. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wa Buguruni, nasoma chuo, na kile chumba cha Kilburn tulichokuwa tumejazana vijana watano kilikuwa kimenishinda. Siku moja nikaona karatasi imebandikwa ubaoni chuoni: bibi mmoja wa Enfield, mwisho kabisa wa London, pale basi linapogeuzia, anatoa chumba bure kwa mwanafunzi atakayemtunzia bustani ya mboga. Nikapiga simu. Akaniuliza kama najua kulima. Nikamwambia nimezaliwa shambani. Wallahi nilisema hivyo bila kumeza mate. Buguruni, ambako mti pekee uliokuwa karibu na dirisha letu ulikuwa mlonge, na huo mlonge ulikuwa wa jirani! Lakini nilihesabu kwamba Mzungu akimwona Mwafrika anaona jembe, nikaamua angalau mara moja ujinga huo unifae. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku ya kwanza, na wala halikuwa jembe. Lilikuwa chepe na uma mkubwa wa kulimia, vitu ambavyo sikuwahi kuvigusa.

Bibi Hilda alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu, mrefu, mkavu, masikio mazito lakini macho makali. Nyumba yake iligusana na msitu. Ukifungua mlango wa jikoni ni bustani, mwisho wa bustani ni wigo wa mbao uliolegea, na baada ya hapo ni miti mitupu hadi huko sijui wapi. Chumba changu kilikuwa juu ya jiko. Kwa miaka mingi marehemu mumewe alihifadhi matufaha humo, kila moja limefungwa gazetini, na harufu yake haikutoka kamwe. Hadi leo nikipita penye matufaha sokoni nageuka kama nimeitwa. Tulikula saa kumi na mbili juu ya alama, yeye na mimi, viazi vya kuchemsha, njegere, na kipande cha nyama kisicho na habari ya chumvi wala ndimu. Nyama ya nguruwe alipogundua siili hakuipika tena, si siku hiyo wala siku nyingine, na hakulizungumzia. Usiku wa kwanza nilitamani kulia kwa ajili ya pilipili. Siku hizi namkumbuka akinisogezea kiazi cha mwisho kwa ncha ya uma, anajifanya ameshiba, na naona aibu kwamba nilikuwa namsengenya moyoni.

Mama Sifa alikuja asubuhi tatu kwa wiki kumsaidia Bibi Hilda kuoga na kufanya usafi. Alitoka Tottenham kwa mabasi mawili, mama wa makamo, mfupi, mnene, kilemba hakishuki kichwani. Kwao ni milima ya Fizi, Kongo ya mashariki. Vita vilimsukuma hadi kambini Kigoma, na Kigoma hadi hapa, na karatasi zake zilikuwa zimetoka mwaka uliotangulia. Nilipomsikia mara ya kwanza anajisemesha Kiswahili mbele ya sinki, nilikaribia kuangusha kikombe. Nikampa shikamoo. Akacheka mpaka akakaa. Kwao hawana shikamoo, alisema, lakini kambini aliwazoea Watanzania na kushikana miguu kwao, basi marahaba, mtoto wangu, miguu yenyewe inauma, ishike vizuri. Kutoka siku ile nikawa na mama Enfield.

Asubuhi nilizokuwa sina kipindi, nililala kitandani nikisikiliza mazungumzo yao kupitia sakafu. Mama Sifa alikuwa na Kiingereza cha kuombea maji na kuulizia basi. Bibi Hilda hakuwa na Kiswahili hata cha salamu. Basi Bibi atamsimulia mumewe, alivyopanda mbaazi kwa kamba, alivyokufa bafuni bila kuaga, na Mama Sifa atamjibu kwa Kiswahili kwamba hata wake yeye hakuaga, alitoka kufuata mbuzi. Bibi atasema naam, ndiyo hivyo. Mama Sifa atasema njo vile. Wanaendelea na kitu chao saa nzima, kila mmoja na lugha yake, na maji ya kuogea yanapoa. Nimesoma vitabu vingi kuhusu mawasiliano tangu hapo, na sijaona kilichoeleza nilichokisikia kwenye ile sakafu.

Mwezi wa tano, Mama Sifa akanikuta nachimba. Alisimama akanitazama muda mrefu, mikono kiunoni. Kesho yake aliporudi alikuwa na kitambaa kilichofungwa mafundo matatu. Ndani yake mlikuwa na mbegu ishirini na moja za maharage, nyeupe, kila moja ina baka jekundu ubavuni kama jicho lililokesha. Yalikuwa maharage ya mama yake, na ya bibi yake kabla ya hapo. Aliyabeba ndani ya nguo kutoka Fizi, akayapitisha ziwani, akayalinda kambini siku ambazo watoto walilala njaa, maana mbegu haipikwi. Tottenham alikuwa anakaa ghorofa ya nne. Mara mbili alijaribu kuyapanda kwenye ndoo dirishani, mara mbili yakafa. Hizi ndizo zilizobaki, na zinazeeka. Zikikaa mwaka mwingine hazitaota. Aliyasema hayo yote huku ananifungua vidole na kunimiminia mkononi.

"Kule kwetu hakuna tena mutu wa kunitumia ingine," alisema. "Kijiji kilikimbia. Hizi zikikufa, zimekufa."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikasema usijali mama, mwachie mkulima.

Zikaota kumi na nne. Sitasahau ile asubuhi; niliita nyumba nzima, yaani Bibi Hilda, akaja na fimbo yake akainama akasema vizuri sana. Akanionya pia. Msituni mna paa, alisema, si wale wakubwa wa kwenye picha wenye pembe kama matawi, bali wadogo, kimo cha mbwa, mgongo umebinuka, na wanabweka. Mumewe alipigana nao hadi alipokufa. Niweke wigo imara. Nikamwambia kwetu tunalinda mashamba dhidi ya tembo. Nilikwenda dukani nikanunua seng'enge, nikaisimamisha kuzunguka maharage, juu kuliko kichwa changu, kwa sababu nilishaona kwenye runinga paa anavyoruka. Nilijivuna. Nilipiga na picha. Chini, kati ya seng'enge na udongo, palibaki nafasi ya kupitisha mto wa kulalia, na sikuipa maana, kwani nani aliwahi kusikia paa anatambaa?

Hawa wanatambaa. Asubuhi ya Jumatatu moja ya mwezi wa sita nilifungua mlango wa jikoni na chai mkononi nikamwona yuko ndani ya wigo wangu, mkia juu, anamalizia. Hakukurupuka. Alinitazama, akatafuna, akapiga magoti kama mtu anayeswali, akapita chini ya seng'enge akaenda zake. Yalibaki mashina. Nilitambaa mwenyewe kwenye tope nikikagua moja moja, na nikakuta mimea mitatu tu ambayo hakuifikia, pembeni, nyuma ya pipa la maji. Mitatu kati ya ishirini na moja. Nilikaa pale chini na nguo za kulalia, na nikamsikia Mama Sifa anafungua geti.

Nilidhani atapiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alisimama akatazama, akachuchumaa akashika shina moja lililoliwa, akalisugua kwa kidole gumba hadi Bibi Hilda akagonga kioo kutaka kujua kuna nini. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale pale kwenye tope. Nikamwambia yote. Kwamba sijawahi kulima maisha yangu. Kwamba kwetu ni Buguruni, chini ni saruji. Kwamba nilidanganya ili nipate kulala, na sasa nimemwulia mama yake mara ya pili.

"Nilijua siku ya kwanza," alisema. "Ile chepe uliishika sawa mikro ya kuimbia kanisani."

Nikamwuliza, basi kwa nini ulinipa? Akanitazama kama vile ndiyo kwanza anagundua mimi ni mjinga.

"Mi niko na mbegu, weye uko na udongo. Ningefanya je?"

Kisha akavua viatu, akachukua uma wa kulimia, akanionyesha namna ya kuushika. Tulifukia ile nafasi ya chini kwa mawe siku hiyo hiyo. Lakini wigo wa mbao nyuma ulikuwa mbovu kila mahali, na kabla wiki haijaisha paa alishachimba sehemu nyingine, akala letasi zote za Bibi na kusimama hatua mbili tu kutoka kwenye lile pipa. Paa wakawa wanatuzoea. Jioni tukila tuliwasikia wanabweka huko nyuma, na kila wakibweka Bibi Hilda aliweka uma chini.

Ni Bibi aliyetoa habari ya nywele. Alisema wakulima wa zamani walitundika nywele za binadamu kwenye wigo, ndani ya soksi kuukuu. Paa akisikia harufu ya mtu anageuka. Nikafurahi. Nywele? Mimi naijua Tottenham, nywele zinazagaa njiani! Jumamosi nikaingia saluni moja ya kusuka, nikaomba takataka za sakafuni, kina dada wakanicheka wakanijazia mifuko miwili mikubwa. Nikarudi nayo kwa basi nimeikumbatia. Tukajaza soksi ndefu za Bibi, tukazitundika kila baada ya hatua tatu, wigo mzima ukaning'inia miguu myeusi. Asubuhi ya pili nikamkuta paa amejikunja chini ya soksi mojawapo, amelala usingizi. Mama Sifa alipokuja akafungua soksi, akavuta kidogo, akawasha kiberiti. Ikayeyuka ikawa tone. Ilikuwa rasta tupu, nailoni kutoka kiwandani, hakuna nywele ya mtu hata moja. Alicheka siku hiyo, alicheka hadi akashika wigo, na mimi nikacheka kwa kuwa kicheko chake kilikuwa kimepotea tangu ile Jumatatu. Halafu akageuka akaangalia ile mimea mitatu, ambayo ilikuwa imeshika miti na kupanda, na haina ua hata moja.

Basi nikaenda kwa kinyozi. Papa Bahati alikuwa na duka dogo karibu na stesheni, viti vitatu, redio ya rhumba, na Wakongo wanaongoja zamu huku wanabishana mpira. Nikaomba nywele za sakafuni, na nikaeleza vizuri kabisa kwa Kiswahili changu cha Dar. Redio pekee ndiyo iliyoendelea kusema. Mtu aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, akainuka na shuka lake shingoni. Mwingine akaniuliza taratibu mimi ni mtu wa wapi. Nikasema Tanzania. Wakatazamana. Nami nikakumbuka, nimechelewa, mambo ambayo hata bibi yangu alinifundisha: nywele na kucha za mtu haziachwi ovyo, ni za kuchomwa au kufukiwa, anayezitaka ana lake jambo. Na ukisikia Mtanzania anazunguka mji anakusanya nywele za watu kwenye mfuko, hata mimi ningekimbia. Nikawaambia ni kwa ajili ya paa. Ndipo ikawa mbaya zaidi: nywele za watu, na mnyama wa msituni! Papa Bahati, mtu mpole sana, alinishika bega akanitoa nje akaniambia kila jioni anazichoma mwenyewe nyuma ya duka, hivyo ndivyo wateja wanavyomwamini, na tafadhali nisirudi.

Nilidhani tumekwisha. Nilimsimulia Mama Sifa, nikitegemea ataniunga mkono kuwaita washamba. Hakuwaita washamba. Alisema wana haki. Hata yeye asingenipa zake. Akafikiri huku anakunja mashuka ya Bibi. Mficha uchi hazai, nilimwambia, na yeye hakuijua methali hiyo, nikamweleza maana yake, akaipenda, akaenda nayo kanisani.

Jumapili ile nilikaa nyuma kabisa, Mwislamu peke yangu, nimevua kofia. Wakati wa matangazo alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Mikono ilishika kilemba kama kitaruka. Akaeleza maharage ya mama yake, na baka lake. Akaeleza ndani ya nguo, na ziwa, na kambi. Nikaona kina mama wanaanza kugeuka, na mzee mmoja mbele akasema kwa sauti, ile ya jicho? Bado iko? Alidhani imeisha duniani. Mama Sifa akasema imebaki miti mitatu, na paa anaitaka, na dawa yake ni nywele za mtu. Hakuomba wampe. Aliomba waje.

"Kila mutu aje na zake," alisema, "azitundike na mukono yake. Tukivuna, kila mutu atachukua zake, achome."

Jumamosi iliyofuata walishuka kwenye basi pale linapogeuzia, watu kumi na saba, wamevaa vizuri kama wanakwenda harusini, kila mmoja na kifuko chake. Papa Bahati alikuwa wa mbele, ameleta mkasi, akanipa mkono akanitazama kwa makini zaidi kidogo kuliko inavyostahili. Majirani wa Bibi Hilda walichungulia nyuma ya mapazia. Bibi mwenyewe alitoka na koti lake la siku za heshima, akatandika meza nje, akatoa keki na chai, na kina mama wakatoa sufuria walizokuja nazo, sombe ya majani ya muhogo, samaki, wali, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile nikala pilipili. Kila mtu alichagua mahali pake kwenye wigo. Wengine walifunga alama ya uzi ili wasichanganye. Walipomaliza, Bibi Hilda akauliza je, na yeye. Mama Sifa akamkalisha kwenye kiti cha jikoni, akamfungua nywele zake nyeupe ambazo sikuwahi kuziona zimeachwa huru, akakata kwa mkasi wa Papa Bahati, polepole. Bibi akafumba macho. Soksi yake ilitundikwa katikati. Pembeni yake akatundika yake Mama Sifa, na mimi yangu, nywele nilikuwa nazo wakati ule.

Paa hakuingia tena. Siku hizi nikisimulia, kuna mjuaji huniambia nywele hazifanyi kazi kiasi hicho, mvua ikinyesha harufu inakwisha. Huenda. Lakini hajui kilichotokea. Watu wale hawakuamini mtu, hata mimi, hata Mama Sifa mwenyewe. Kila wiki walikuja wawili watatu kukagua kama nywele zao zipo. Anakuja mmoja baada ya zamu ya usiku, anakuja mwingine kabla ya kanisa. Wanazunguka wigo, wanakohoa, wanaimba, wanapiga soga, wanakojolea vichaka wakidhani siwaoni. Paa gani angekatiza hapo? Kwa kuogopana walitulindia shamba, na kwa kuja kuja wakazoeana na Bibi, hadi akawa anajua nani anatia sukari ngapi.

Ila maharage hayakutoa maua. Mwezi wa saba ukapita, wa nane ukafika katikati, yamepanda juu ya miti yakajizungusha, majani tu. Mama Sifa aliacha kuyaangalia. Bibi Hilda akaniita jikoni, akaniambia anadhani anajua. Kwetu mimi na kwao Mama Sifa, alisema, mchana na usiku ni sawasawa; huku kiangazi mchana hauishi. Huenda yanangoja giza. Nikalitafsiri neno hilo kwa Mama Sifa. Akaendelea kukunja mashuka. Lakini mwisho wa mwezi, siku zilipoanza kufupika, alinivuta mkono akanipeleka nyuma ya pipa, na pale palikuwa na ua moja jeupe. Alinishikilia mkono ule kwa muda mrefu sana.

Baada ya hapo ilikuwa mbio na baridi. Jioni za mwezi wa kumi tulifunika ile mimea kwa mashuka ya Bibi, asubuhi tunafunua, kama mtoto. Maganda yalipoanza kukauka tukayachuma, tukayafunga moja moja gazetini, yakamalizia kukaukia chumbani kwangu, kwenye rafu za matufaha. Siku ya kuyafungua watu wote walirudi. Yakajaa kiganja kimoja cha Mama Sifa, na kila moja lina jicho lake. Yule mzee wa kanisani aliomba kulishika moja tu, akalirudisha. Halafu soksi zikashushwa, kila mtu akahakiki uzi wake, tukawasha moto mwisho wa bustani, wakazichoma kwa zamu huku wamesimama hadi ziwe majivu. Nilinusa harufu ile mbaya na nikaona sijawahi kuwa miongoni mwa watu kiasi kile tangu nitoke nyumbani. Sifa, mtoto wa miaka sita, alikuwa amemshika Bibi Hilda mkono, anamweleza kwa Kiingereza kwa nini ni lazima na zake zichomwe.

Jikoni Mama Sifa aliyagawa mafungu matatu. Moja lake, moja la Bibi Hilda, moja akanisukumia mimi. Nikakataa, mimi, mwongo, muuaji wa miche kumi na moja? Akasema si zawadi, ni kazi.

"Kwetu mbegu haikae mu nyumba moya. Nyumba ikiungua, utaenda kuomba kwa nani?"

Bibi Hilda aliyapanda hadi mwaka aliofariki, na nyumba ikauzwa, na fungu lake sijui lilikwenda wapi. Mimi nilihama, nikaoa, nikahangaika, nikapata nyumba yenye kipande cha uwanja nyuma, na sijaacha mwaka hata mmoja. Mke wangu anasema naongea na maharage kuliko naongea na ndugu zake. Ni kweli.

Watu walipopungua ukumbini Sifa akaja, akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Kwa Kiingereza akaniambia kwamba ndugu mmoja wa kwao aliyekuja kumwuguza mama aliona kopo la mbegu kabatini, hakujua, akayapika yote. Aliona ni maharage tu. Walipomwambia mgonjwa kitandani, kila mtu alidhani atalia. Alicheka. Akasema Rashidi anayo, yaani mimi, kisha akageukia ukutani akalala, na hakuwahi kuigusia tena habari hiyo. Sasa Sifa alitaka kujua kama ni kweli ninayo, kwa sababu mama hakunipigia hata simu kuuliza.

Hakupiga simu. Miaka yote hiyo, na hakupiga simu kuhakikisha. Mimi, niliyeingia kwenye maisha yake kwa uongo, na yeye alijua ni uongo tangu siku ya kwanza. Ilinibidi niangalie dari kwa muda. Kisha nikaingiza mkono ndani ya lile koti lililokuwa mapajani mwangu tangu asubuhi, nikatoa chupa ya yale maharage, maana nilitoka nayo nyumbani bila kujua kwa nini. Nikamkabidhi yote. Nikamwambia ni yake, ni ya mama yake.

Aliifungua, akamimina kiganjani, akayatazama yale macho mekundu. Akachukua leso yake, akafungia nusu, nusu nyingine akairudisha chupani, akafunga kifuniko, akanisogezea. Na mtoto yule, ambaye kwa miaka ishirini na kitu sikuwahi kumsikia akinijibu kwa Kiswahili, akasema kwa sauti ya mama yake kabisa:

"Mbegu haikae mu nyumba moya, anko. Bakia nayo."